Kabla ya kuhesabu dola za Mrima, tuulize haya mawe yanafanya nini

Kuna metali inaitwa gadoliniamu. Ukichukua kipande chake Nairobi asubuhi ya Julai, ile baridi ya kuvaa jaketi mbili, kitashikwa na sumaku kama msumari. Kibebe ushuke nacho Mombasa, kiache juani saa saba mchana mwezi wa Machi, halafu ujaribu tena. Hakishiki. Sumaku kali itakivuta kidogo, lakini ule mshiko wa msumari umeisha. Hakijaoza na hakuna mtu amekipaka kitu. Ni joto tu. Mpaka wake uko karibu nyuzi 20 za selsiasi: chini ya hapo ni mtu wa sumaku, juu ya hapo anajitoa. Hata chuma cha kawaida kina mpaka kama huo, ila chake kiko nyuzi 770, ndiyo maana panga la Nyahururu na panga la Likoni yote yanashikwa sawasawa.

Nilitoa video ya sekunde 40 kuhusu hii kitu, na komenti zilizojaa zaidi ni za aina moja: sasa hiyo inanisaidia na nini? Sawa. Lakini wiki hiyo hiyo, watu wale wale walikuwa wanasambaza video za jamaa anapiga kelele kwamba Kenya imekalia matrilioni, kwamba mlima mmoja tu kule Kwale unaweza kulipa deni letu lote. Mlima wenyewe ni Mrima. Yaani tunajua bei ya kitu ambacho hatutaki kuambiwa kinafanya nini. Gadoliniamu ni mmoja wa hao "madini adimu" ambao kila mtu anataja.

Mimi kwa Mrima nina sababu yangu. Mamangu ni wa kusini mwa Kwale, na mjomba wangu bado yuko huko, ananunua samaki kwa wavuvi na kuwauza, na kila siku pesa yake inagawanyika kati ya samaki na barafu. Miezi michache iliyopita alianza kutembelewa na madalali wanaotaka shamba lake. Bei inapanda kila wakija, na kila mara sababu ni moja: "madini." Akanitumia voice note. Sauti yake imetulia, kama kawaida: "Mwanangu, wewe ndiye ulisomea haya mambo. Hayo mawe yanafanya nini hasa? Nisije nikauza kitu sikijui, au nikang'ang'ania kitu sikijui."

Nilisomea kweli, fizikia, hadi mwaka wa tatu. Karo ikanishinda nikatoka, sasa nina simu, stendi ya simu na harusi za kushuti wikendi. Nyumbani bado wananiita Injinia, na nimechoka kuwaambia kwamba hata ningemaliza nisingekuwa injinia. Lakini nilichosoma sikukiacha getini, na mjomba aliuliza swali zuri kuliko watu wote wa komenti. Hili hapa jibu nililompa, nimeliandika vizuri zaidi.

Anza na jina. Madini adimu ni elementi 17, na si adimu kihivyo. Seriamu, ambayo ni mmoja wao, kwenye udongo wa dunia iko karibu sawa na shaba. Unayo hata mfukoni kama unavuta sigara au unawasha jiko la gesi kwa kiberiti cha gesi: ile jiwe ndogo inayotoa cheche imechanganywa seriamu na chuma. Aliyeitengeneza ni Mwaustria anaitwa Carl Auer von Welsbach, mwaka wa 1903. Huyo jamaa mkumbuke, atarudi.

Shida ni kwamba hizi elementi zinakaa pamoja na zinafanana. Na kufanana kwao kuna sababu moja ambayo ukiielewa, mambo mengine yote ya Mrima yanakaa sawa. Atomu ina elektroni za nje na za ndani. Za nje ndizo zinafanya biashara: kushikana na atomu nyingine, kuyeyuka kwenye asidi, kubeba umeme. Sasa hawa wa madini adimu, kile kinachowatofautisha ni elektroni zilizofichwa ndani, kwenye tabaka linaloitwa 4f. Ni kama pesa ambayo nyanya amefunga kwenye pindo la leso. Ukikutana naye sokoni huioni, anakulipa na sarafu za mkononi kama wengine. Seriamu, lanthanamu, neodimiamu, gadoliniamu, wote wanakulipa na sarafu zile zile za nje, kwa hivyo kemia inashindwa kuwatofautisha. Lakini kwenye leso kila mmoja ana kiasi chake. Lanthanamu hana kitu. Seriamu ana elektroni moja. Gadoliniamu ana saba, na zote saba zimeelekea upande mmoja, na kila elektroni ni kasumaku kadogo. Usumaku wa hawa watu umekaa hapo kwenye leso, salama, hauharibiwi na biashara ya nje.

Hiyo leso ndiyo inawafanya kuwa na thamani, na ndiyo inafanya kuwatenganisha kuwe kazi ya kuchosha. Seriamu ilitambuliwa mwaka wa 1803. Baadaye ndipo Mswidi Carl Mosander akagundua kwamba ndani ya ile "seriamu" kulikuwa na lanthanamu, 1839, na kitu kingine akakiita didimiamu. Watu wakaamini didimiamu ni elementi moja kwa zaidi ya miaka 40, hadi 1885 ndipo yule Auer wa kiberiti akaigawa ikatoka praseodimiamu na neodimiamu. Kemia nzima ya Ulaya ilikuwa inashika vitu viwili ikidhani ni kimoja. Leo viwanda vinatenganisha kwa kupitisha madini kwenye kemikali hatua moja baada ya nyingine, mamia ya hatua, kila hatua inasogeza mchanganyiko kidogo tu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo duniani inafanyika China. Uchina haikufika hapo kwa sababu ya kuwa na mlima peke yake.

Hapo ndipo mjomba aliniuliza: na wakishatenganishwa?

Wakishatenganishwa unawachanganya tena, lakini kwa mpango wako. Na hapa ndipo kuna kitu nilichokipenda chuoni kuliko vyote, kinaitwa silisaidi. Unachukua metali adimu, unaiyeyusha pamoja na silikoni, ile ile iliyo ndani ya mchanga na ndani ya chipu za simu. Ikipoa, atomu zinajipanga kwa safu, kila mmoja na nafasi yake, kama viti vya basi. Zile leso haziwezi kugusana, ziko mbali. Kwa hivyo kila mmoja anapeleka ujumbe kwa jirani kupitia elektroni zinazotembea, zile zinazobeba umeme. Ujumbe wenyewe unabadilika kulingana na umbali: kwa umbali fulani unafika ukisema "elekea nilikoelekea", ukisogea kidogo unafika ukisema "elekea kinyume". Ndiyo maana silisaidi mbili zenye metali ile ile zinaweza kuwa tofauti kabisa, moja sumaku, nyingine kila atomu inapingana na ya pili na sumaku ya nje inakuwa sifuri. Na kwa vile mjumbe ni elektroni ya umeme, usumaku na umeme hapa si masomo mawili. Ukigusa kimoja umegusa kingine.

Mfano ambao mjomba aliuelewa haraka ni wa friji, kwa sababu ya barafu.

Gadoliniamu tano na silikoni nne zinatoa silisaidi ambayo mpaka wake wa sumaku uko nyuzi 60 na kitu, juu sana kuliko ule wa gadoliniamu yenyewe. Mwaka wa 1997, Vitalij Pecharsky na Karl Gschneidner wa Ames Laboratory, jimbo la Iowa kule Marekani, walitoa nusu ya silikoni wakaweka jerimaniamu, ambayo ni ndugu wa silikoni. Mpaka ukashuka hadi karibu nyuzi 3. Lakini kilichoshtua si mpaka. Ni jinsi ile kitu inavyopoza.

Iko hivi. Ukileta sumaku kali karibu na metali ya aina hii, vile visumaku vya leso vinajipanga ghafla. Fujo iliyokuwa kwenye visumaku lazima iende mahali, inaingia kwenye mtikisiko wa atomu, na metali inapata joto. Unaliondoa hilo joto kwa maji au hewa. Kisha unatoa sumaku: visumaku vinarudia fujo yao, vinavuta mtikisiko kutoka kwa atomu, na metali inapoa chini ya ilivyokuwa mwanzo. Hakuna gesi na hakuna ile kompresa inayonguruma usiku. William Giauque alishatumia njia hii California mwaka wa 1933 na chumvi ya gadoliniamu, akashuka chini ya nyuzi moja juu ya baridi ya mwisho kabisa, ile ya 273 chini ya sifuri, na akapewa Nobeli mwaka wa 1949. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa kwenye baridi isiyo na maana kwa samaki. Ile silisaidi ya Ames inafanya kazi karibu na joto la friji ya kawaida, na nguvu yake ilikuwa angalau mara mbili ya kitu chochote cha aina hiyo kilichojulikana. Sababu ni kwamba ikivuka mpaka, si visumaku tu vinavyobadilika. Atomu zenyewe zinahama, viungo kati ya silikoni na jerimaniamu vinakatika na kuungana, na hata umeme unaanza kupita kwa ukinzani tofauti. Mambo matatu yanageuka kwa pamoja.

Na unaweza kuiseti. Ukiongeza jerimaniamu mpaka unashuka, ukiongeza silikoni unapanda. Walionyesha wanaweza kufunika kuanzia baridi ya karibu 250 chini ya sifuri hadi karibu joto la chumba, kwa kubadilisha uwiano tu. Kitu kingine: walipotumia gadoliniamu ya kawaida ya kununuliwa, yenye uchafu kidogo, ule ukubwa wa ajabu ukapungua. Ni lazima iwe safi sana. Kwa hivyo hata ukiwa na gadoliniamu, bado huna ile kitu.

"Basi mbona sijaiona dukani?" Mjomba haachi mtu. Kwa sababu majaribio yale yalitumia sumaku ya tesla 5, zaidi ya mashine nyingi za MRI hospitalini na mamia ya mara ya ile sumaku ndogo umebandika mlangoni mwa friji. Kwa sababu kuhama kwa atomu huko na huko kunaipasua ile metali kidogo kidogo na kunapoteza nishati kila mzunguko. Na kwa sababu gadoliniamu na jerimaniamu si bei ya sukari. Watu bado wanaifanyia kazi na vitu vingine vimekuja kushindana nayo. Sitamwambia mtu wa Kwale kwamba friji ya sumaku inakuja mwaka ujao, nitakuwa kama yule jamaa wa matrilioni.

Halafu kuna seriamu, na hii nitaieleza hata kama haina duka kabisa. Miamba kama ya Mrima, inayoitwa kabonataiti, kwa kawaida ndiyo huwa na seriamu na lanthanamu kwa wingi, na gadoliniamu kidogo. Seriamu ndiyo ya bei ya chini katika familia. Inang'arisha vioo, inawasha sigara. Ukisikia mtu amepiga hesabu ya tani za "madini adimu" kwa bei ya zile ghali, muulize ngapi ni seriamu.

Lakini mwaka wa 1979 seriamu ya bei rahisi ilivunja sheria kubwa. Tangu 1911, Heike Kamerlingh Onnes alipopoza zebaki kule Leiden, Uholanzi, ilijulikana kwamba metali nyingine zikipoa vya kutosha ukinzani wa umeme unaisha kabisa. Haupungui, unaisha. Hiyo ni supakondakta. Na ilijulikana pia kwamba usumaku ni sumu kwake: asilimia moja hivi ya gadoliniamu ndani ya lanthanamu inaua hali hiyo. Frank Steglich na wenzake kule Ujerumani wakapima mchanganyiko wa seriamu moja, shaba mbili na silikoni mbili. Umejaa seriamu, kila safu ina kasumaku kake. Haufai kabisa. Chini ya karibu nyuzi 0.6 juu ya baridi ya mwisho, ukawa supakondakta. Wakajaribu ule ule lakini wakaweka lanthanamu, ambaye leso yake ni tupu, wakidhani usafi utasaidia. Haukufanya kitu. Yaani usumaku uliodhaniwa ni sumu ndio uliokuwa unahitajika.

Kwenye waya wa shaba, ukipoza, umeme unapita vizuri zaidi. Kwenye huu mchanganyiko ukipoza ukinzani kwanza unapanda. Mjapani Jun Kondo alieleza mwaka wa 1964 kwa nini atomu chache za sumaku ndani ya metali zinafanya hivyo: elektroni zinazopita zinajikuta zinashikana na kile kisumaku, zinakizunguka, njia inaziba. Seriamu ikiwa kila mahali, elektroni inakuwa kama mtu anayepita Gikomba siku ya Jumamosi na kila muuzaji anamvuta mkono. Anatembea, lakini kama ana uzito wa lori. Elektroni za mchanganyiko huo zinapimwa kama zina uzito wa mamia ya mara ya elektroni ya kawaida. Na hizo nzito ndizo zinaoana mbili mbili na kupita bila kizuizi.

Watu hawakumwamini Steglich haraka. Na walikuwa na haki kidogo, kwa sababu maabara nyingine zilitengeneza mchanganyiko ule ule na hazikuona kitu. Baadaye ikajulikana tatizo: shaba ikizidi kidogo sana, unapata supakondakta. Ikipungua kidogo sana, unapata atomu zinazopingana na ukinzani uko pale pale. Kwa karatasi ni fomula moja. Mwaka wa 1983 na 1984 zilipatikana metali nyingine za elektroni nzito zenye tabia hiyo, na fuwele nzuri zaidi za mchanganyiko wake, na mjadala ukaisha.

Nasimulia haya kwa sababu mazungumzo yetu ya madini yana namba moja tu. Mwaka wa 2013 kampuni iliyokuwa na leseni ya Mrima ilisema madini adimu ya pale yana thamani ya dola bilioni 62.4. Serikali ikafuta leseni mwaka huo huo, kesi ikaenda hadi mahakama ya usuluhishi ya uwekezaji iliyo chini ya Benki ya Dunia, kampuni ikashindwa mwaka wa 2018. Miaka imepita na bado ile 62.4 inazunguka kwenye simu zetu kama pesa iliyo kwenye akaunti. Si pesa. Ni mwamba uliochanganyika elementi zilizofungiwa leso moja, na mtu akiuchimba akaupeleka bandarini kama udongo, anauza udongo. Kazi ya kutenganisha, kusafisha, na kujua kwamba shaba imezidi kidogo au imepungua kidogo, itafanyikia kwingine, na watu wa kwingine ndio watajua hiyo mawe inafanya nini. Mimi sisemi tusichimbe. Mrima ni msitu wa kaya, na wazee wa Kidigo wana neno la kusema hapo kabla yangu na kabla ya Nairobi. Nasema tu kwamba sijasikia mwanasiasa hata mmoja, wa kuunga mkono au wa kupinga, akitaja maabara.

Kitu kimoja nilimwambia mjomba bila kuzunguka. Udongo wa Mrima una thoriamu, na mionzi yake ya asili iko juu kuliko sehemu nyingi. Ikiwa imelala kwenye mlima ni jambo moja. Ukishasaga mwamba na kutoa unachotaka, thoriamu inabaki kwenye mabaki, na mabaki yanakaa mahali. Dalali hawezi kukuonyesha hiyo kwenye bei ya shamba.

Hajauza. Pia hajasema hatauza, na mimi sikumshauri, shamba si langu. Alichofanya ni kumwuliza dalali aliyefuata ni elementi gani hasa wanazozitafuta, na dalali akasema atarudi na jibu. Mimi naye akaniuliza swali jingine: hayo mabaki yakioshwa, maji yatateremkia wapi, na bahari ya samaki wake iko umbali gani. Hilo si swali la silisaidi, ni la mito na mvua, na nalifanyia kazi sasa. Kama unatoka upande huo na unajua vijito vinavyotoka mlimani vinapita wapi masika, niandikie inbox. Picha zikiwepo, bora zaidi.